Daftari Linalofumuka na Kushonwa Tena

Ilala, wilaya ya Dar es Salaam, inaishi kwa daftari. Fundi cherehani wa Kariakoo ana daftari la vipimo, muuza jumla ana daftari la madeni, kikundi cha vikoba kina daftari la hisa, ustadhi ana daftari la watoto wa madrasa, kamati ya harusi ina daftari la michango, na mwalimu wa kwaya ana daftari la nyimbo, ambalo kwa kawaida ndilo lililochakaa kuliko yote. Ukiyachunguza madaftari haya baada ya mwaka mmoja wa kazi, utaona kwamba mengi yameharibika kwa namna moja. Karatasi ni nzima, wino unasomeka, lakini jalada limebanduka, kurasa za katikati zimechomoka, na mwenyewe amezifunga zote kwa raba ya kufungia noti. Kilichoshindwa ni kile kinachoziunganisha karatasi, basi. Kwa hiyo ninapotetea leo ufundi wa kushona daftari kwa mkono, kwa ule mshono unaoitwa wa Kikopti, sitautetea kwa uzuri wake, ingawa ni mzuri, wala kwa kuwa wageni wanaupenda wakiuona dukani. Ninadai jambo moja tu: huu ni mshono unaoruhusu daftari lifumuliwe na kushonwa upya bila karatasi kuumia, na vifaa vyake tayari viko mikononi mwa watu wa Kariakoo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana redioni hatuna picha. Chukua karatasi tano za A4, zipange sawasawa, zikunje pamoja katikati. Hilo ni kunjo moja, na lina kurasa 20 za ukubwa wa A5, kwa kuwa kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne. Tengeneza makunjo kumi ya namna hiyo na utapata daftari la kurasa 200 lililokula karatasi 50 tu. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa madaftari kumi. Kila kunjo litobolewe matundu kwenye mstari wa mkunjo, matano yanatosha kwa ukubwa huo, na matundu ya makunjo yote yawe usawa mmoja. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukata kwanza kipande cha karatasi ngumu, akakitia alama za matundu, na kukipitisha katika kila kunjo kabla ya kutoboa. Majalada mawili ni boksi gumu lililofunikwa kwa karatasi au kitenge, nayo hutobolewa pembeni mwa ukingo wake. Hapo ndipo uzi unapoingia. Unaanza ndani ya kunjo la kwanza, unatokea nje kwenye tundu, unazunguka ukingo wa jalada, unarudi ndani kwa tundu lile lile, unakwenda tundu linalofuata. Ukifika kunjo la pili, na yote yatakayofuata, uzi ukitokea nje hauna haja tena ya jalada: unapita nyuma ya mshono wa kunjo lililotangulia, kisha unarudi ulikotoka. Ni lile la mwisho tu linaloshonwa pamoja na jalada la pili. Kwa njia hiyo kila kunjo limelishika la chini yake, na mgongoni hujitokeza mistari ya vitanzi vilivyosukana kama nywele za twende kilioni. Gundi haipo kabisa kwenye mgongo huo.

Anayejifunza hukwama kwa mambo mawili, na la kwanza ni la mkono. Uzi uvutwe kwa kuufuata mgongo, kuelekea upande unakokwenda. Ukivutwa kurudi nyuma unakata karatasi kwenye tundu, na tundu likishachanika hakuna mshono utakaolishika. La pili ni la karatasi, nalo halionekani kwa macho. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo: nyuzi zake ndogo zimelala zaidi upande mmoja, ule uliofuata mwendo wa mashine. Ikipata unyevu hutanuka kwa kukatisha nyuzi hizo kuliko kwa kuzifuata. Daftari ambalo nyuzi zake zinaukatisha mgongo hujikunja mawimbi karibu na mshono, na masika ya Dar es Salaam hayatachelewa kulifichua. Sasa, karatasi nyingi za A4 za ofisini nyuzi zake zimelala kwa urefu, na ukizikunja kuwa A5 zinaukatisha mgongo. Dawa ipo. Tafuta A3 ambayo nyuzi zake zimelala kwa urefu, ikunje mara mbili badala ya mara moja, chana mkunjo wa juu kwa kisu, na nyuzi zitalala sambamba na mgongo. Kuujua mwelekeo hakuhitaji kifaa: pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, pale inapokubali kwa wepesi, mstari wa mpindo ndio unaolingana na nyuzi. Nimelikalia jambo hili kwa sababu ufundi huu husifiwa kuwa rahisi, nami naona sifa hiyo inaudhulumu. Mshono ni rahisi. Karatasi ndiyo ngumu.

Jina limetoka kwa Wakopti, Wakristo wa Misri, ambao katika karne za mwanzo za dini yao walikuwa miongoni mwa walioacha gombo la kuviringisha wakashika kitabu cha kurasa. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi, vilipatikana vitabu vya mafunjo vya karne ya 4, vingi vikiwa bado na majalada yake ya ngozi, na ndani ya majalada hayo mafundi walikuwa wameshindilia mafunjo chakavu, zikiwemo barua na risiti za watu, ili kuyapa ugumu. Haki itendeke: vitabu vingi katika hazina hiyo vina kunjo moja nene tu, kwa hiyo si mfano kamili wa mnyororo wa vitanzi ninaouzungumzia. Mnyororo wenyewe tunauona vizuri zaidi kwa majirani zetu wa Ethiopia, katika vitabu vya makanisa vyenye majalada ya mbao, kazi ambayo hadi leo ina mafundi wake. Tunauona pia mbali sana na mto Nili, katika Injili ndogo ya Yohana inayoitwa ya Mtakatifu Cuthbert, iliyotengenezwa Uingereza mapema katika karne ya 8 kwa mshono wa jinsi hiyo hiyo. Injili hiyo ilikutwa katika jeneza la mtakatifu huyo mwaka 1104, na mwaka 2012 Maktaba ya Uingereza iliinunua kwa pauni milioni 9, ikiwa bado ndani ya jalada lake la kwanza.

Mtu makini atasema huo ni ushahidi dhaifu. Vitabu vilivyooza hatuvioni, na hivi vilivyobaki vilikaa katika mchanga mkavu wa Misri, katika nyumba za watawa, au katika jeneza. Hakuna kilichopakiwa kwenye bodaboda kutoka Buguruni kwenda Gerezani mvua ikinyesha. Nakubali. Umri wa vitabu hivyo hauthibitishi kwamba daftari la Mchikichini litafika miaka 1,000, wala hakuna anayelihitaji lifike huko. Nakataa pia ile hoja tamu kwamba tujifunze mshono huu kwa kuwa asili yake ni Afrika. Ni kweli asili yake ni Afrika, na si vibaya mtu kujivunia, lakini fundi hachagui chombo kwa kuuliza ukoo wake.

Kinachotufaa kutoka katika vitabu hivyo ni namna vinavyoharibika. Uzi ukikatika, karatasi haijapata dhara. Kunjo linalegea, unaliona, unafumua pale palipokatika, unaunga uzi mpya, unashona tena katika matundu yale yale. Linganisha na njia tulizozizoea. Gundi ya mgongo ikikauka na kukakamaa hupasuka daftari linapofunguliwa kwa nguvu, na kila karatasi iliyokuwa imeshikwa kwa ukingo tu inatoka peke yake. Hapo mwenye daftari hutia supagluu. Supagluu hunyweka katika karatasi na kuifanya ngumu, na safari ijayo kinachovunjika ni karatasi yenyewe, sentimita moja ndani zaidi, penye maandishi. Pini ya stepla katika mji wa baharini hushika kutu, kutu hutia doa la kahawia, na penye doa karatasi huoza. Selotepu hugeuka njano, plastiki yake hubanduka, gundi yake hubaki. Kila tiba hapa inaacha ugonjwa mpya. Watunza nyaraka duniani wana kanuni waliyoizoea: usikifanyie kitabu jambo lisiloweza kutenguliwa. Ilala ina Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na ina Nyaraka za Taifa kule Upanga, kwa hiyo kanuni hiyo si ngeni katika wilaya hii. Ninachouliza ni kwa nini ikomee kwenye milango ya taasisi hizo, wakati daftari la vipimo la fundi cherehani nalo ni nyaraka, na mwenye nalo hana nakala nyingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei. Kaunta buku la kwaya mbili, lenye kurasa 192, linatoka kiwandani kwa maelfu, na hakuna mshonaji wa mkono atakayeshindana nalo madukani Kariakoo. Kukunja, kutoboa na kushona makunjo kumi ni kazi ya saa kadhaa kwa mgeni, na hata mzoefu haiishi haraka. Sioni haja ya kulizunguka jambo hili. Anayejifunza mshono huu kwa matumaini ya kuuza madaftari matupu kwa wanafunzi atafunga biashara mapema. Ndiyo maana mafundi wengi wa kazi hii duniani hukimbilia soko la zawadi, kwa madaftari yenye majalada ya kupendeza ambayo mnunuzi anaona huruma kuyaandika. Soko hilo lipo, na sina ugomvi nalo, ila ni dogo na linategemea mgeni. Hesabu hugeuka unapouliza swali jingine: je, maandishi yaliyomo ndani ya daftari yana thamani gani ukilinganisha na daftari lenyewe? Kaunta buku tupu ni la bei ndogo. Kaunta buku lile lile likiwa na vipimo vya wateja wa miaka mitatu, pamoja na michoro ya mishono na alama za nani kalipa nusu, halinunuliki popote. Kulinakili upya ni siku nyingi za kazi na makosa mengi ya namba. Kulishona ni mchana mmoja. Na huyo fundi cherehani ana sababu nyingine ya kuutaka mshono huu: mikono yake yote miwili iko kwenye kitambaa, daftari linatakiwa lilale wazi pembeni mwa cherehani bila kushikiliwa. Daftari la mgongo wa gundi hujifunga lenyewe, ndipo linapowekewa mkasi juu yake. Lililoshonwa kwa mnyororo hulala bapa ukurasa wowote unaolifungulia, maana hakuna kinachoubana mgongo.

Wengine wataniambia zama za daftari zimepita, simu ipo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mashine za risiti za EFD zikaanza mwaka 2010, na mwenye duka leo anaweza kuona mauzo yake kwenye kioo cha simu. Kwa mahesabu ya duka la mtu mmoja sibishi, simu imeshinda. Lakini tazama kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya namna ya vikoba katika daraja la nne, na kikundi kinachoitwa taasisi ya fedha, hata ya daraja la chini, kinapaswa kuwa na kumbukumbu. Simu ni ya mtu, ina namba yake ya siri, inaibwa, inazimika chaji katikati ya mkutano. Daftari huwekwa mezani katikati ya duara na kila mwanachama huona kilichoandikwa mbele ya jina lake. Na hapa kunjo lina sifa ambayo karatasi moja moja haina. Kila karatasi iliyokunjwa ina nusu mbili, moja mwanzoni mwa kunjo na mwenzake mwishoni. Mhazini akichana ukurasa wa Februari, ule mwenzake wa Mei hulegea na kudondoka. Wizi wa ukurasa unajitangaza wenyewe.

Lakini msikilizaji mjanja ameshaniona nilipojitega. Kama daftari linafumuka na kushonwa tena kwa urahisi, basi mhazini mwongo naye anaweza kulifumua, akatoa kunjo zima, akatia jingine aliloliandika usiku. Hoja hiyo inanikamata barabara, kwa sababu kile ninachokisifu, uwezo wa kutengua, ndicho anachokihitaji mwizi. Jibu langu ni kwamba ulinzi wa kumbukumbu haujawahi kuwa kazi ya gundi. Anayetaka kughushi kaunta buku la kiwandani ananunua jingine linalofanana nalo na kunakili, hata sindano haihitaji. Kinga ni namba na saini. Kurasa zote zipewe namba kwa wino kabla ya maandishi ya kwanza, na katikati ya kila kunjo, pale uzi unapoonekana, wajumbe watatu watie saini zinazovuka mkunjo. Daftari likifumuliwa kwa matengenezo, lifumuliwe mkutanoni. Atakayebadilisha kunjo baada ya hapo itabidi aghushi saini tatu na miandiko ya wote waliotia mkono katika kurasa 20. Hilo halimzuii mwenye nia, lakini linamgharimu kuliko kununua kaunta buku la pili.

Udhaifu mwingine wa mshono huu nautaja upesi. Mgongo uko wazi, vumbi linaingia, na vitanzi vinaweza kunaswa na ufunguo ndani ya mkoba. Majalada yameshikwa na uzi tu, hivyo daftari likianguka kwa kona huyumba. Waethiopia waliliona tatizo hili na hawakubadili mshono. Walitengeneza mkoba wa ngozi wa kukitia kitabu. Kipande cha kitenge kilichoshonwa kwa vipimo vya daftari kingefanya kazi hiyo hiyo kwa mabaki yanayookotwa chini ya cherehani yoyote.

Limebaki swali la nani ajifunze, na hapa nina maoni makali kidogo. Mafunzo ya kazi za mikono mijini humkimbilia kijana asiye na kazi, akapewa somo la siku mbili na cheti, kisha akaachwa. Kwa mshono wa Kikopti ningeanza na fundi viatu. Yeye tayari ana msharasi wa kutobolea, sindano nene, uzi imara na nta ya kuupaka ili usichomoke wala kuchanika. Mkono wake unajua kukaza bila kukata. Anachokosa ni nusu ya maarifa, ile ya karatasi: kukunja, kulinganisha matundu, kutambua mwelekeo wa nyuzi, na kuvuta uzi kwa upole kidogo kuliko anavyovuta kwenye soli. Muungano huu wa ngozi na vitabu si mgeni pwani yetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ilijulikana kwa wanazuoni na wanakili wa misahafu, na mji huo huo ulijulikana kwa mafundi wake wa ngozi. Misahafu ya jadi ya Kiislamu nayo kwa kawaida ilishonwa kwa mnyororo, mara nyingi wa matundu mawili, kisha ikagandishwa kwenye jalada la ngozi kwa gundi, na mjalidi yeyote wa msahafu wa kale atakuonyesha kwamba panapoachia kwanza ni pale palipotiwa gundi.

Shule nazo zina nafasi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na kilio kinachosikika ni vifaa na karakana. Ujalidi wa mkono unataka meza, rula, wembe, sindano, uzi na karatasi, na shule yoyote ina vitabu vilivyochanika vya kufanyia mazoezi. Sidai mwanafunzi atapata ajira kwa hilo. Atapata rafu ya maktaba ambayo vitabu vyake vinasomeka, na mwalimu atapata namna ya kupima kazi isiyodanganya: kitabu kifunguliwe katikati mara mia, tuone kama kunjo limelegea.

Kwa fundi viatu atakayeikubali kazi hii pale Kariakoo, jambo la kupatana mapema ni bei. Asitoze kwa kitabu, maana msahafu mdogo na daftari la vikoba havina kazi sawa, na mteja atalalamika. Atoze kwa kunjo. Ahesabu makunjo mbele ya mteja kabla ya kushika sindano, aseme mangapi yamelegea na mangapi bado yamekaza, na yaliyokaza asiyaguse wala asiyalipishe.